Sicilia kwa tumbo: mwongozo kamili wa kula na kutembea bila kukimbizana na ramani

Kosa la kwanza karibu kila mtu analifanya na Sicilia (kisiwa kikubwa cha kusini mwa Italia) ni kuangalia ramani, kuona kisiwa, akadhani ni kama Unguja vile, asubuhi uko Mji Mkongwe mchana uko Nungwi. Sicilia bana ina kilomita za mraba kama 25,700, yaani karibu mkoa mzima wa Tanga, katikati ni milima tupu na upande wa mashariki kuna Etna, volkano hai inayopita mita 3,300. Mi safari ya kwanza nilijipangia miji saba kwa siku sita, na nilichokula siku hizo sita kwa kiasi kikubwa ni sandwichi za stesheni nikiwa nimekumbatia begi. Safari ya pili nikakaa miji miwili tu na ndo nikaelewa kwamba kule ratiba ya chakula ndo ratiba ya kila kitu, ukifika saa mbovu utakuta shata zimeshushwa na paka amelala mlangoni.

Basi nitapanga hatua kwa hatua kama ningekuwa namwelekeza mdogo wangu anayekwenda mwezi ujao.

Hatua ya 1: Chagua upande mmoja

Magharibi ni Palermo, Trapani, Marsala na San Vito Lo Capo. Mashariki ni Catania, Siracusa, Modica na Etna yenyewe. Ukiwa na wiki moja chukua upande mmoja tu, ukiwa na siku kumi au kumi na mbili unaweza kuunganisha, na hapo fanya hivi: ingia kwa eapoti ya Palermo utoke kwa ya Catania (au kinyume chake) ili usirudi njia ileile.

Kama ni mtu wa masoko na vyakula vya barabarani nenda magharibi usijiulize mara mbili. Kama unapenda vya baridi vitamu, samaki na mlima, mashariki. Mimi ni wa magharibi, natangaza upendeleo wangu mapema, na sababu ni kwamba mtu wa pwani akifika Palermo kuna vitu anavitambua kabla hajaambiwa. Waislamu wa Afrika Kaskazini walitua Mazara mwaka 827, Palermo wakaichukua 831, na Wanormani walipokuja kuitwaa 1072 hawakufuta kila kitu, walikula hichohicho na kuwaajiri mafundi haohao. Ndo mana barabara kuu ya zamani ya Palermo wenyeji wanaiita Cassaro, ambayo ni kasri ileile tunayoijua sisi. Zafarani kule ni zafferano. Kuna zabibu tamu za kisiwa cha Pantelleria zinaitwa zibibbo, sema hilo neno kwa sauti utacheka. Na kwenye jumba la mfalme Roger II pale Palermo ndiko mwanajiografia al-Idrisi alikomaliza kitabu chake cha ramani ya dunia mwaka 1154, na ndani yake Malindi na Mombasa zimetajwa. Ukienda kuangalia kanisa la Cappella Palatina kwenye jumba hilo inua shingo uone dari, ni la mbao lililochongwa Kiarabu kabisa juu ya kuta zenye picha za Yesu.

Hatua ya 2: Msimu

Mwezi wa nane achana nao. Joto kali, Waitalia wote wako likizo, tarehe 15 ni Ferragosto, sikukuu yao kubwa, na bei zinapaa. Tarehe 11 Agosti 2021 karibu na Siracusa walipima digrii 48.8, rekodi ya Ulaya nzima, na mtu asikudanganye kwamba sababu umetoka Dar umezoea.

Mwezi wa nne hadi wa sita ni mzuri kwa kila kitu, ricotta ya kondoo (jibini laini jeupe) bado iko vizuri mana majani yapo, na mwezi wa tano na wa sita ni wa jodari. Mwezi wa tisa na wa kumi bahari bado ina uvuguvugu, watu wamepungua, na San Vito Lo Capo wanafanya tamasha lao la kuskus kila Septemba tangu 1998. Baridi nayo ina raha zake, kuanzia Disemba mpaka kama mwezi wa nne ni machungwa mekundu ya kuzunguka Etna, Moro na Tarocco, ukikata ndani kama damu. Rangi ile inatoka kwenye tofauti ya mchana wenye jua na usiku wa baridi kali.

Hatua ya 3: Viza na kufika

Hii fupi. Unahitaji viza ya Schengen, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na usisubiri chini ya siku 15. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Kukaa mwisho siku 90 ndani ya kila siku 180. Kutoka kwetu utabadilisha ndege, wengi wanapitia Istanbul au Roma.

Ila kama tayari uko Ulaya na una muda, chukua treni ya usiku kutoka Roma. Ikifika Villa San Giovanni mabehewa yanakatwa vipandevipande yanasukumwa ndani ya meli, na wewe umo ndani, mnavuka mlango bahari mpaka Messina. Panda juu kwenye sitaha, usilale wakati huo.

Hatua ya 4: Jifunze saa za kula

Asubuhi watu wanakwenda bar, ila bar ya kule sio baa ya pombe kama zetu, ni mgahawa wa kahawa. Sehemu nyingi zenye watu unalipa kwanza kwa keshia, unapewa risiti (wanaiita scontrino), unaipeleka kaunta ndo unahudumiwa. Kahawa ukinywa umesimama ni euro moja na senti kidogo, ukikaa mezani hasa uwanja wa watalii inaweza kuwa mara mbili au tatu, sio wizi, ndo utaratibu na bei ziko ukutani.

Kiangazi asubuhi haiwi kahawa tu, ni granita na brioche (mkate laini mtamu). Granita usiifananishe na juisi ya barafu ya kusaga, ni laini, nzito, kijiko kinasimama. Lozi, ndimu, forosadi (uliza gelsi), pista, na Messina wanapenda ya kahawa yenye krimu juu. Brioche yake ina kichwa kidogo kinaitwa tuppo, maana yake shungi la nywele, na unaanza kwa kukinyofoa hicho kishungi unachovya kwenye granita, kama unavyochovya andazi kwenye chai. Mimi nilianza kwa kula brioche kwa kisu na uma, mzee wa meza ya pembeni alishindwa kuvumilia akaja kunionyesha.

Mchana wanakula saa saba hadi saa tisa. Baada ya hapo maduka mengi yamefungwa mpaka saa kumi na zaidi, wewe nawe kalale. Usiku jiko la mgahawa halifunguki kabla ya saa mbili kasoro, ukikuta linauza pasta saa kumi na moja jioni jua hiyo sehemu ni ya wageni. Njaa ya jioni inatibiwa mtaani.

Hatua ya 5: Ballarò, nenda na njaa

Palermo ina masoko makubwa matatu ya zamani, Vucciria, Capo na Ballarò. Vucciria siku hizi imekuwa zaidi ya usiku na vinywaji. Capo ni zuri. Ballarò ndo soko la watu, fika kama saa nne asubuhi. Utasikia kabla hujaona, wauzaji wanaita bidhaa kwa kuimba, ile sauti inaitwa abbanniata na kila mtu ana ya kwake, kama mtu wa Kariakoo na spika lake ila hawa hawana spika, ni koo tu. Mitaa inayozunguka hapo ina Waghana, Wabangladeshi, Wanaijeria, watu wa kila mahali, utapata ndizi za kupika na pilipili za maana.

Zunguka mara moja bila kununua. Mzunguko wa pili anza hivi:

Panelle kwanza. Ni vipande vyembamba vya unga wa dengu vya kukaanga, vinne vitano ndani ya mkate wenye ufuta, ndimu juu, euro 3 hivi. Mtu wa bajia atajiona yuko nyumbani, ila ndani ni laini kama uji ulioganda. Omba wakuongezee crocchè, kababu ndogo za viazi.

Sfincione, mkate mnene kama sponji wenye nyanya, vitunguu, dagaa wa chumvi na jibini kidogo. Wanapita nayo kwenye vigari vya magurudumu matatu.

Pweza wa kuchemsha, anakatwa mbele yako, ndimu, basi. Hapa sina la kuwafundisha watu wa Forodhani, isipokuwa wauza pweza wa Palermo hawaweki pilipili, kabebe yako.

Stigghiola jioni, hiyo utaifuata kwa moshi. Ni utumbo wa kondoo au mbuzi umezungushiwa kitunguu cha majani unachomwa kwenye makaa, chumvi na ndimu. Nilipokula mara ya kwanza nilimpigia simu kaka yangu nikamwambia nimekuta mutura wa Wazungu, yeye anakaa Nairobi akaelewa papo hapo ingawa mutura una damu na huu hauna.

Alafu ile maarufu, pane ca' meusa, mkate wa bandama na mapafu ya ndama. Muuzaji atakuuliza schietta au maritata. Schietta ni mseja, nyama na ndimu tu. Maritata ni aliyeolewa, anaongezewa ricotta na jibini la kukwangua. Ila kabla hujaagiza soma hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Kama unakula halali

Hii sijaiona imeandikwa vizuri sehemu yoyote kwa lugha yetu kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Hiyo bandama inakaangwa kwenye mafuta ya nguruwe, neno la kulikariri ni strutto. Strutto inaingia pia sehemu usizotegemea, ganda la cannolo (kitamu cha ganda la kukaanga lililojazwa ricotta) mara nyingi unga wake una strutto na pia divai ya Marsala, na brioche za kizamani baadhi zina strutto. Arancina, lile donge la wali la kukaanga, ile ya al burro ina siagi na jibini lakini ndani wanaweka hemu, yaani paja la nguruwe, na ile ya carne nyama inaweza kuchanganywa na ya nguruwe. Uliza ya spinachi au ya bilinganya. Sentensi yako ni hii: "C'è strutto? C'è maiale?" Kuna mafuta ya nguruwe, kuna nguruwe? Wanajibu bila kinyongo, wamezoea.

Visivyo na nyama ya nguruwe ni vingi mno: panelle (angalia tu wanakaanga nini kingine kwenye mafuta hayohayo), caponata ya bilinganya yenye siki na sukari, granita, samaki wa kila aina, pasta con le sarde ambayo ni dagaa wakubwa wa baharini, shamari mwitu, zabibu kavu, mbegu za msonobari na zafarani. Trapani kuna kuskus ya samaki, cùscusu, semolina inaviringishwa kwa mkono inapikwa kwa mvuke alafu inamwagiwa mchuzi wa samaki wa miamba. Kwangu mimi hicho ndo chakula bora kuliko vyote kisiwani. Mchuzi unakuja kwenye bakuli pembeni, usiumwage wote mara moja, ongeza kidogokidogo, mana kuskus inaendelea kunywa.

Ukifika Trapani alasiri tembea mpaka kwenye mashamba ya chumvi yenye vinu vya upepo, upande wa kwenda Marsala. Jua likizama maji yanakuwa ya waridi. Boti ya kwenda kisiwa cha Favignana ni kama nusu saa, huko kuna kiwanda cha zamani cha jodari ambacho sasa ni makumbusho.

Hatua ya 7: Mashariki

Catania imejengwa kwa jiwe jeusi la volkano, na alama ya mji ni tembo mweusi wa jiwe uwanjani mbele ya kanisa kuu. Nyuma tu ya hapo ndo soko la samaki, La Pescheria, asubuhi, Jumapili hakuna. Vaa viatu vilivyofunikwa, chini ni maji na damu ya jodari. Utaona kichwa cha pesce spada kimesimamishwa upanga juu, ni jamaa yake nduaro.

Kula pasta alla Norma hapa na sio kwingine: nyanya, bilinganya za kukaanga, majani ya basilico (mrehani) na ricotta ngumu ya chumvi inakwanguliwa juu. Jina linatokana na opera ya Bellini ya mwaka 1831, jamaa alizaliwa Catania. Arancina hapa inaitwa arancino, inabadilika umbo kuwa na ncha kama Etna, na inabadilika jinsia pia, Palermo ni jike Catania ni dume. Usiingilie huo ugomvi. Sisi wenyewe lugha yetu haina jike na dume kwenye wali, tunakula tu.

Kiu ikikushika tafuta vibanda vya uwanjani, sema "seltz limone e sale". Maji ya gesi, ndimu mbili zimekamuliwa kwa mashine ya mkono, kijiko cha chumvi, linafura povu unakunywa haraka kabla halijamwagika. Ndimu na chumvi, unaona tena tuko nyumbani.

Siracusa ni saa moja na kitu kwa treni. Kaa Ortigia, sehemu ya zamani, ingia kanisa kuu uguse nguzo, zile ni za hekalu la Athena la karne ya 5 kabla ya Kristo, walijaza kuta katikati ya nguzo likawa kanisa. Modica nenda kwa chokoleti, wanaisaga kwa joto dogo sukari haiyeyuki, ukitafuna ina chengachenga. Wengine hawaipendi, mi naipenda ya mdalasini.

Kwa Etna kuna treni ndogo inaitwa Circumetnea, inauzunguka mlima taratibu mpaka Bronte kwenye pista, ila Jumapili haitembei. Nilisimama pale stesheni Jumapili nusu saa nzima nikijiona nimewahi.

Hatua ya 8: Mezani usije ukapigwa

Kwenye bili utaona coperto, euro 1 mpaka 3 kwa kichwa, ni ya mkate na kukaa, halali kabisa. Bakshishi sio lazima.

Mtego ni neno etto. Etto ni gramu 100. Samaki mzima kwenye menyu anaandikwa bei kwa etto, na mimi mahali fulani ufukweni niliona "6" nikasema aisee samaki euro 6, lete. Akaja mzuri kweli, wa gramu 800, nikala mpaka macho. Piga hesabu mwenyewe, ni 48 kwa samaki tu. Kwahiyo akileta sinia kukuonyesha samaki, muulize "Quanto pesa? Quanto viene?" anapimwa kilo ngapi na atafika shilingi ngapi, kabla hajaenda jikoni.

Cannolo usichukue zilizojazwa zimepangwa kioo chenye mwanga tangu asubuhi, ganda limeshalowa. Tafuta wanaojaza ukiwa umesimama pale.

Hatua ya 9: Usafiri

Treni za pwani ziko vizuri, Palermo kwenda Cefalù, Catania kwenda Taormina, chini ya saa moja au hapo hapo. Palermo na Catania ni kama masaa matatu, basi mara nyingi ndo rahisi zaidi. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima uigonge kwenye kimashine kabla ya kupanda, usipogonga ni faini hata kama umelipa. Jumapili mabasi ya vijijini karibu hakuna. Gari la kukodi chukua ukitoka mjini tu, ndani ya Palermo kuna ZTL, maeneo yenye kamera ambayo gari lisilo na kibali haliruhusiwi, faini inakufuata nyumbani miezi baadaye.

Hatua ya 10: Cha kubeba, na panelle za kupika mwenyewe

Beba chumvi ya Trapani, capperi za Pantelleria (vichipukizi vya maua vya kutia ladha) zilizokaushwa kwa chumvi, oregano kavu, chokoleti ya Modica. Pista ya Bronte inavunwa mwaka mmoja inapumzika mmoja, ni ghali, tafuta alama ya DOP (inayothibitisha imetoka huko kweli), na zile krimu za kopo soma asilimia, nyingi ni sukari na mafuta yaliyopakwa kijani.

Panelle huhitaji kubeba chochote. Unga wa dengu nusu kilo, maji lita moja na nusu, chumvi kijiko cha chai kilichojaa. Changanya kwenye maji ya baridi kwanza mpaka mabonge yaishe, chuja ukiweza, ndo ubandike moto mdogo. Koroga kwa mwiko bila kuacha, kama uji mzito unaoelekea ugali, dakika 20 hadi 30 hivi mpaka uanze kuachia sufuria. Tupia kotmiri iliyokatwa ndogo. Sasa fanya haraka: tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta unene wa nusu sentimita, mana ukichelewa dakika mbili unaganda na hautandaziki tena. Acha upoe kabisa, mimi nauacha usiku mzima. Kata mraba, kaanga mafuta yakiwa moto kwelikweli mpaka kingo ziwe kahawia. Ndimu, chumvi, ndani ya mkate laini, na pilipili ya kwako ambayo Palermo hawaiweki.